Mtoto Huyu Mnampa Jina Gani?

Leo nataka tuzungumze habari za majina, hasa haya tunayowapa watoto wetu katika nyumba za Kikristo. Najua wako wanaonisikiliza ambao ndani ya nyumba kuna mimba ya miezi minane. Baba ameshatoa jina lake, shangazi ametuma lake kwa simu, na mchungaji naye ameombwa aseme neno. Basi ongezeni sauti ya redio kidogo.

Ukifika ofisi ya parokia kumwandikisha mtoto ubatizo, katekista hufungua lile daftari lake kubwa, huuliza baba nani, mama nani, kazaliwa lini, halafu hufika kwenye swali linalowafanya wazazi watazamane: "Jina la dini?" Chukua familia ya Kinyakyusa iliyotoka Tukuyu ikahamia Mbagala. Mtoto wao wa kiume ana miezi mitatu, na tangu siku ya kwanza anaitwa Ipyana. Kwa Kinyakyusa, Ipyana ni neema, hiyo hiyo ambayo Mtume Paulo huwatakia watu mwanzoni mwa nyaraka zake. Lakini mama akiulizwa jina la dini anasita, anamtazama mwenzake, kisha anasema: "Andika Brighton." Katekista anaandika. Tangu siku hiyo Ipyana linakuwa jina la nyumbani, la bibi na la majirani, na Brighton ndilo linalokwenda kanisani. Brighton, kama hukupata kuusikia, ni mji wa ufukweni kusini mwa Uingereza. Watu huenda huko kupunga upepo wakati wa kiangazi.

Sina ugomvi na akina Brighton, ninao hata katika ukoo wangu. Ninachouliza ni nani aliyetufundisha kwamba neema ikitajwa kwa lugha ya bibi ni mambo ya nyumbani, na mji wa Wazungu ukitajwa ni dini.

Sehemu ya jibu imo katika sheria za Kanisa. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917, kanuni ya 761, ilimtaka paroko ahakikishe kila anayebatizwa anapewa jina la Kikristo. Wazazi wasipokubali, paroko aliambiwa aongeze mwenyewe jina la mtakatifu, kisha aandike yote mawili daftarini. Hapo ndipo kalenda ya watakatifu ilipopata kazi. Mtoto wa kike kazaliwa 10 Februari? Skolastika. Mzazi hakuwa na la kusema sana. Ndiyo maana kizazi cha wazee wetu kimejaa majina ambayo huwezi kuyasikia tena wodini leo: Polikarpi, Telesfori, Desideri, Severini. Angalia hata maaskofu wa Tanzania, wa sasa na wa zamani: Kadinali Polycarp Pengo, Askofu Telesphor Mkude, Askofu Desiderius Rwoma, Askofu Severine Niwemugizi. Ukiyasoma majina hayo kwa mfululizo unadhani uko Roma ya kale, mpaka ufike kwenye jina la pili ndipo unagundua uko Morogoro au Bukoba.

Watu huyacheka majina hayo siku hizi. Mimi siyacheki, maana kila moja lilikuwa na mtu nyuma yake. Polikarpi alikuwa askofu wa Smirna, mzee sana, aliyeuawa kwa sababu hakukubali kumkana Kristo. Skolastika alikuwa dada wa Mtakatifu Benedikto. Kosa la wakati ule, kwa maoni yangu, lilikuwa kwamba mtoto alipewa jina akanyimwa habari zake. Wako bibi wengi walioitwa Skolastika kwa miaka 70 bila kuambiwa hata siku moja kwamba somo wao alikuwa na kaka mashuhuri. Kama hakuna aliyekusimulia habari za somo wako, hata sikukuu yake inapita unachambua mchele.

Sheria hiyo ilishabadilika. Ile ya mwaka 1983, katika kanuni ya 855, inawaambia wazazi, wasimamizi na paroko jambo moja tu: waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa moyo wa Kikristo. Haisemi liwe la mtakatifu, wala haisemi liwe la Kilatini au la Kiingereza. Ipyana anapita mlango huo bila kuinama. Lugano anapita, Atupele anapita, Lusajo anapita, na Masanja anapita vilevile. Kwa hiyo katekista anapouliza "jina la dini" kana kwamba hilo lililokwisha kutajwa halina dini, anauliza swali la mwaka 1917.

Mwaka 1914, katika misheni ya Waskoti pale Thogoto nchini Kenya, kijana mmoja wa Kikikuyu aliyeitwa Kamau wa Ngengi alikuwa tayari kubatizwa. Aliomba aitwe Yohana na Petro, mitume wawili kwa mpigo. Wamisionari wakamwambia hapana, chagua mmoja. Kijana akakumbuka kwamba Petro maana yake ni jiwe, na jiwe kwa Kiingereza ni "stone". Akachukua John, akabandika stone, akatoka kanisani pale akiitwa Johnstone. Wamisionari wakapata jina moja walilolitaka, na yeye akaondoka na mitume wake wote wawili mfukoni. Dunia ilikuja kumjua baadaye kama Jomo Kenyatta. Alivyoishi na dini yake ukubwani ni habari nyingine, lakini siku ile ya ubatizo alikuwa anajua anamtaka nani. Wangapi kati yetu tukiulizwa kwa nini tumemwita mtoto Jayden tuna jibu la namna hiyo?

Upande huu wa mpaka, miaka 29 baadaye, kijana mwingine alibatizwa na kuitwa Julius. Nyumbani Butiama walikuwa wanamwita Kambarage, jina la mzimu wa mvua katika imani ya Wazanaki, kwa kuwa mvua ilinyesha alipozaliwa. Kama kuna jina ambalo katekista wa zamani angelikunjia uso ni hilo. Mwalimu Nyerere hakulitupa. Alilibeba pamoja na Julius mpaka kaburini, na katikati hapo alikuwa mtu wa misa ya kila siku. Leo mchakato wa kumtangaza mtakatifu umeshafunguliwa, ulianzia jimboni kwao Musoma, na Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Fikiria siku Roma ikikamilisha kazi hiyo. Mzazi atakayekwenda parokiani na mtoto akasema, "Nataka aitwe Kambarage," atajibiwa nini?

Wako waliojaribu kulitatua jambo hili kwa amri. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliwaagiza watu wa Zaire, yaani Kongo ya leo, waache majina ya Kikristo ya kigeni na kuchukua ya asili. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré, akajiita Mobutu Sese Seko na mengine marefu yaliyofuata, na mapadri wakatishiwa kifungo wakimbatiza mtoto wa Kizaire kwa jina la Kizungu. Kadinali Malula wa Kinshasa akapinga, akajikuta uhamishoni Roma kwa muda. Ajabu ni kwamba Malula ndiye huyo huyo aliyekuwa anapigania ibada ya misa ivae sura ya Kiafrika, kwa nyimbo na ngoma. Hakuwa adui wa majina ya asili. Alikataa Serikali kukaa penye nafasi ya mzazi na paroko. Baadaye majina ya Kikristo yalirudi kwa kasi, na leo ukipita Bukavu au Goma utawakuta akina Dieudonné na Espérance wakicheza uwanja mmoja na akina Furaha, Bahati na Riziki, na mara nyingi mtoto mmoja anayo yote mawili.

Sasa fungua Biblia, Danieli sura ya kwanza. Vijana wanne wa Kiyahudi wanapelekwa Babeli, na kitu cha kwanza mkuu wa matowashi anachofanya ni kuwabadilisha majina. Danieli anaitwa Belteshaza. Hanania anaitwa Shadraka, Mishaeli anaitwa Meshaki, na Azaria anaitwa Abednego. Majina waliyotoka nayo kwao yalikuwa yanamtaja Mungu wa Israeli. Majina waliyopewa yalikuwa ya ikulu ya mfalme wa kigeni, yenye harufu ya miungu yake. Sasa nenda shule yoyote ya msingi kuanzia Kisii hadi Mbeya, uite Shadrack, uite Meshack, uite Abednego. Watasimama, tena na wengine watatu darasa la pili. Halafu uite Mishaeli na Azaria uone kama atasimama mtu.

Jambo hili lilinichekesha nilipolifikiria mara ya kwanza, baadaye likanifanya niwe mpole. Tumechukua majina ya utumwani, tumewapa watoto wetu kama majina matakatifu, na kweli ni matakatifu. Wale vijana watatu waliingia katika tanuru la moto wakiwa na majina hayo ya Babeli, wakatoka nayo. Tunaposema Shadraka hatumkumbuki towashi aliyelitunga jina, tunamkumbuka kijana aliyekataa kuisujudia sanamu. Mtu amelivaa jina, na jina limechukua tabia yake.

Tazama Uganda. Usiku mmoja wa Mei mwaka 1886, pale Munyonyo, Karoli Lwanga aliwabatiza vijana wachache wa ikulu ya Kabaka Mwanga, akijua kuwa kifo kiko mlangoni. Mdogo wao aliitwa Kizito, kijana wa miaka kama 14 hivi. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo. Usiku ule hapakuwa na nafasi ya kupekua kalenda, na mpaka leo Kanisa linamtaja kwa jina lake la Kiganda, Mtakatifu Kizito, kama linavyowataja Gyavira, Mugagga na Mbaga Tuzinde. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu mwaka 1964, jina la nyumbani likawa limeingia katika kalenda ya dunia nzima. Sasa Mchaga, Mluhya na Mnyarwanda wanambatiza mtoto Kizito, na katekista haulizi tena "jina la dini".

Na jina la Bakhita nusura linitoe machozi kila ninapolisoma. Binti wa Darfur aliibwa akiwa mdogo, akauzwa na kuuzwa tena, na kwa mateso aliyoyapata akasahau jina alilopewa na mama yake. Watekaji ndio waliomwita Bakhita, neno la Kiarabu ambalo ni ndugu wa bahati yetu, maana yake mwenye bahati. Kejeli kubwa kuliko hiyo sijui. Alipofika Italia akabatizwa mwaka 1890 akaitwa Josephine, lakini watu hawakuacha kumwita Bakhita, na mwaka 2000 Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu kwa jina hilo hilo. Leo kuna mabinti wanaoitwa Bakhita kuanzia Juba hadi Songea. Kama wewe ni mmoja wa wazazi wao, tafadhali msimulie binti yako habari hizo akishafikia umri wa kuzibeba. Usimwachie ajue tu kwamba ni jina zuri.

Hapo ndipo nilipo mimi. Ukiniuliza jina lenye uzito wa kiroho ni lipi, nitakuuliza wewe: nyuma yake yuko nani, au kuna sala gani, na je, unaweza kumsimulia mtoto kwa lugha anayoielewa? Kama unaweza, liwe la Kiebrania, la Kisukuma au la Kiingereza, sina neno.

Watu wa kaskazini mwa Tanzania waliliona hili zamani kuliko sisi wengine. Nenda Machame, nenda Upareni, nenda Meru, fungua vitabu vya usharika vya KKKT, Kanisa la Kilutheri, usome: Elibariki, Elineema, Elirehema, Elifuraha, Eliamani, Elihuruma. Wale wazee walimsoma Eliya na Elisha katika Biblia, wakaona kwamba Eli ni Mungu, wakachukua kichwa hicho cha Kiebrania wakakiunganisha na mwili wa Kiswahili. Wengine waliunganisha na Kichaga. Aika ni asante kwa Wachaga, basi mtoto akaitwa Aikaeli, asante Mungu. Huwezi kulikuta jina hilo katika kitabu chochote cha watakatifu, na sijapata kusikia mchungaji aliyelikataa. Mimi nalihesabu kuwa kazi ya teolojia iliyofanywa jikoni, na akina mama waliotoka kliniki na mtoto mgongoni.

Kisha angalia kilichotokea kwa wajukuu. Babu ni Elibariki, mjukuu ni Godbless. Jirani yao ni Godlisten, na dada zao ni Happiness, Witness na Lightness. Watu wa mikoa mingine huwatania sana Wachaga kwa majina hayo, nami nimecheka pamoja nao. Lakini ukitulia unaona kwamba sala ni ile ile ya babu, imebadilisha suti tu. Kinachonisikitisha kidogo ni kwamba Elibariki kila mtu pale kijijini alilisikia likimwomba Mungu kila mama alipomwita mtoto aje ale. Godlisten likiitwa, bibi asiyejua Kiingereza anasikia sauti tu.

Na hapa nitoe neno la pembeni kuhusu Rehema, Baraka, Neema, Imani na Amani. Kuna Wakristo wanaoyaogopa majina haya eti yana asili ya Kiarabu, kwa hiyo ni ya Waislamu. Ni kweli wenzetu Waislamu wanayo, na Rehema wa Tanga anaweza kuwa wa msikitini au wa kanisani, hujui mpaka umwone siku ya Ijumaa au ya Jumapili. Lakini rehema na neema ndizo zimo katika Biblia ya Kiswahili kurasa na kurasa. Yusufu ni hivyo hivyo. Biblia ya Union iliandika Yusufu, Wakatoliki wakasema Yosefu, Waislamu wakasema Yusuf, na wote watatu wanamtaja yule yule aliyetupwa kisimani na kaka zake. Siku hizi wazazi wa madhehebu yote wameamua kumaliza ubishi kwa kuandika Joseph.

Tuje kwenye vita vya ukoo, maana najua huko ndiko wengi mnakoumia. Nilishuhudia Jumapili moja padri akiuliza lile swali la mwanzo la ibada ya ubatizo, mtoto huyu mnampa jina gani. Baba akasema, "Emanueli." Mama, kwa sauti ya chini lakini iliyofika kwenye kipaza sauti, akasema, "Prince." Kanisa zima likaguna. Padri akawaambia wasogee pembeni wapatane, akaendelea na familia iliyofuata. Waliporudi, mtoto akabatizwa kwa jina la baba yake baba.

Ugomvi huo una miaka 2000. Luka anasimulia kwamba siku ya nane majirani na jamaa walikuwa wameshaamua mtoto wa Elisabeti aitwe Zakaria kama baba yake. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohana. Wakamjibu kama ambavyo mawifi wangejibu leo, kwamba mbona katika ukoo wenu hakuna mwenye jina hilo? Wakamgeukia baba, ambaye hakuweza kusema, akaomba kibao akaandika kuwa jina lake ni Yohana. Ninachokipenda hapo ni kwamba wazazi wale wawili walikuwa na neno moja. Wazazi wakiwa na neno moja, ukoo utanung'unika wiki mbili kisha utazoea. Wakigawanyika, mtoto atakuwa na majina matatu: la upande huu, la upande ule, na la shuleni.

Lakini msidhani nasema ukoo usisikilizwe. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba mzaa baba, wa pili la baba mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao. Wapo wahubiri wanaosema desturi hiyo ni kurithisha mizimu. Mimi nasema inategemea bibi yupi. Kama bibi yule ndiye aliyewafundisha wajukuu wote Sala ya Bwana huku anachambua maharage, kama alikuwa akitembea kwa miguu kwenda kanisani alfajiri akiwa amefunga viatu kwenye kanga ili visichafuke tope, basi kumpa mtoto jina lake ni kumpa somo. Kanisa lina sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, na kwa kweli ni ya watu kama hao, ambao hakuna aliyepeleka faili lao Roma.

Kuna majina mazito pia. Shida, Tabu, Mateso, Masumbuko, Mashaka. Mama alizaa akiwa amefiwa, au ameachwa, au njaa imeingia, akamwandikia mtoto habari za mwaka ule. Raheli, mke wa Yakobo, alifanya hivyo. Alikuwa anakata roho kwenye njia ya kwenda Efrata, akamwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu wangu, na Yakobo akakataa, akamwita Benyamini. Mimi ningekuwa baba ningefanya kama Yakobo. Mtoto asipewe kazi ya kuwa jiwe la kaburi.

Ila aliyekwisha kuitwa Tabu, amefika miaka 35 na ana watoto wake, msimtie hofu. Wanapita wahubiri wanaosema umaskini wako unatokana na jina lako, njoo likatwe, na uje na sadaka ya ukombozi. Msomeni Yabesi katika kitabu cha kwanza cha Nyakati, sura ya nne. Mama yake alimpa jina la huzuni kwa sababu alimzaa kwa huzuni. Yabesi alimwomba Mungu ambariki na ampanulie mipaka, na Mungu akampa alichoomba. Hakuna mahali panaposema alibadilisha jina, na Maandiko yanasema alikuwa mwenye heshima kuliko ndugu zake. Ukitaka kulibadilisha kwa hiari yako mwenyewe, sheria inaruhusu. Lakini ujue kuna hati ya kiapo, kuna vyeti vya shule, kuna kitambulisho cha NIDA, kuna benki, na kila dirisha utaulizwa swali hilo hilo upya.

Kwa sababu hiyo hiyo, mliandike jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi kabla ya kwenda kliniki au ofisi ya kuandikisha vizazi, mumpe karani aone. Msimtamkie tu. Happiness wengi wa nchi hii walizaliwa na "i" wakaondoka dirishani na "y".

La mwisho, maana muda unanikimbia. Siku hizi kuna mtindo wa kumpa mtoto jina la mtumishi anayevuma, mtume fulani au nabii fulani, tena jina lake lote mpaka la ukoo. Naelewa mapenzi hayo. Lakini tazama jinsi Kanisa Katoliki linavyofanya. Mtu akifa, hata kama umati ulilia barabarani, kwa kawaida husubiriwa miaka mitano ndipo faili lake lifunguliwe, kisha watu huitwa watoe ushahidi, wa kumsifu na wa kumpinga. Wana uzoefu hao, wameona mengi. Mtumishi wako bado yu hai, bado anahubiri, bado anakusanya na bado anajenga. Mwombee. Kwa sasa mpe mtoto jina la bibi yake, ambaye hesabu zake zimeshafungwa.